Ushauri wa biashara na utunzaji wa kompyuta chini ya paa moja: tathmini ya huduma moja jijini Kisumu

Katikati ya jiji la Kisumu, si mbali na Barabara ya Oginga Odinga, kuna ofisi ndogo inayowahudumia wenye biashara ndogo kwa mambo mawili ambayo kwa kawaida hutafutwa kwa watu tofauti: utunzaji wa kompyuta, simu na mtandao wa duka, pamoja na ushauri wa uendeshaji wa biashara yenyewe, yaani hesabu, kodi, bidhaa na wafanyakazi. Nimekuwa mteja wao kwa muda wa kutosha kuyaona mazuri na mabaya yao, na kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni lawama, jina lao sitalitaja. Biashara ninayoisimamia ni duka la vipuri vya pikipiki upande wa Kondele, lenye wafanyakazi watatu, kompyuta moja ya mezani, simu mbili na nambari ya tili ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu. Ada yao ni shilingi 6,000 kwa mwezi kwa huduma zote mbili, na vifaa vinavyonunuliwa hulipiwa kando.

Kilichonifanya niwaamini mapema ni kwamba mshauri wao, mama wa makamo mwenye uzoefu wa uhasibu, hakufika dukani na programu ya kuniuzia. Wengi wanaojiita washauri wa biashara katika mji huu huanza kwa kuonyesha mfumo wa mauzo wenye rangi nyingi na kudai malipo ya kuusakinisha, kabla hata ya kujua unauza nini. Huyu alisema, "Mzee wangu, tusianze na kompyuta, nionyeshe kwanza daftari la madeni." Kisha akaketi kando ya keshia siku nzima, akiandika kilichouzwa, namna kilivyolipiwa, kilichoulizwa na wateja kikakosekana, na kila mara pesa zilipotolewa kwenye droo bila karatasi yoyote kuandikwa.

Matokeo ya siku hiyo yalikuwa na manufaa kuliko ripoti yoyote niliyowahi kulipia. Rafu nzima ya nyuma ilikuwa imejaa vipuri vya aina za pikipiki ambazo waendeshaji wengi wa bodaboda tunaowahudumia wameziacha wakahamia Boxer na TVS, ilhali cheni, tyubu na plagi zilikuwa zikiisha kabla ya mzigo mpya kufika. Hiyo ina maana kwamba pesa za duka zilikuwa zimelala kwenye rafu huku tukikopa kununua bidhaa zinazotoka haraka. Aliagiza vipuri hivyo viuzwe kwa bei ya kununulia, na hata chini yake inapobidi, na fedha zitakazopatikana zielekezwe kwenye bidhaa chache zinazotembea. Ni ushauri mchungu kwa mfanyabiashara, ambaye siku zote huamini kwamba mteja wa kile kifaa atakuja kesho, lakini hesabu yake haikuwa na mahali pa kupingiwa.

Kwenye kodi ndiko ushauri wao unakostahili sifa kubwa zaidi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliongeza kodi ya mauzo ghafi kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3, nayo huwahusu wenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 lakini yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka, na taarifa zake huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wengi wetu tuliisikia asilimia hiyo tukaiona ndogo. Mshauri alichukua tairi moja kama mfano: limenunuliwa kwa shilingi 2,700, likauzwa kwa 3,000. Kodi hukatwa kwenye shilingi 3,000 zote, kwa hiyo ni shilingi 90, ilhali faida kabla ya kulipia pango la duka na mishahara ni shilingi 300 tu. Serikali imechukua karibu theluthi moja ya faida hiyo. Kwa mwenye saluni, ambaye gharama ya bidhaa zake ni ndogo, asilimia 3 ni nafuu kubwa. Kwa muuza vipuri au muuza sukari ni mzigo.

Akaeleza kwamba mfanyabiashara anaweza kumwandikia Kamishna wa kodi kuchagua kutokuwa chini ya mpango huo, akatozwa kodi ya mapato ya kawaida juu ya faida baada ya kuondoa gharama, lakini njia hiyo inamfaa tu mwenye vitabu vilivyonyooka. Hapo ndipo stakabadhi za eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, zinapoingia, kwa sababu tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo huo kwa kawaida haikubaliki kupunguza kodi. Muuzaji wa jumla anayekupa bei nafuu kidogo bila ankara hiyo anaweza kukugharimu zaidi mwisho wa mwaka. Tulipitia orodha ya wasambazaji wetu mmoja mmoja, tukawaacha wawili. Alitukumbusha pia kuuchunga mstari wa shilingi milioni 5 za mauzo kwa mwaka, ambao ukivukwa na muuza bidhaa zinazotozwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) humlazimu kujisajili kwa kodi hiyo.

Ni haki pia kusema kwamba hawakuniuzia kilichokuwa cha bure. Eneo hili lina mawakala wanaotoza pesa nyingi kwa kile wanachokiita kuunganishwa na eTIMS, ilhali KRA yenyewe hutoa njia za kuutumia mfumo huo bila malipo, kuanzia programu ya kompyuta hadi ile ya simu. Walitusajili, wakamfundisha keshia, wakaondoka.

Kuhusu pesa za simu, maagizo yao yalikuwa mafupi na ya maana. Laini ya mwenye duka isipokee malipo ya wateja hata mara moja, taarifa ya tili ilinganishwe na daftari la mauzo kila jioni, na mwenye duka ajilipe mshahara badala ya kuchota. Agizo la mwisho lilizua mjadala mrefu nyumbani kwangu ambao hauhusiani na tathmini hii.

Sasa upande wa teknolojia. Vijana wao ni mafundi hodari kwa mikono, lakini huduma yenyewe haina mpangilio. Mkataba unaahidi kwamba fundi atafika siku hiyo hiyo tatizo linapotokea. Mara kadhaa kompyuta ililala hadi siku ya pili, na mara moja ilikuwa siku ya soko tukaandika mauzo yote kwa kalamu. Walifanya vizuri kusisitiza tununue UPS, betri inayoikinga kompyuta umeme unapokatika, kwa kuwa mvua za Kisumu huja na radi na umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na mashine yetu isingedumu bila kinga hiyo. Walipanga pia nakala za kumbukumbu kwa utaratibu unaokubalika: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya duka. Utaratibu ni mzuri, ila hakuna aliyewahi kujaribu kurejesha faili kutoka kwenye nakala hizo hadi nilipodai jambo hilo lifanywe, na diski moja ikakutwa tupu.

Yapo mawili yaliyonikera zaidi. La kwanza, fundi alisakinisha programu za ofisi zisizo na leseni bila kuuliza, jambo linalofungua mlango wa virusi na la aibu kwa kampuni inayohubiri uzingatiaji wa sheria. Kompyuta yenyewe ilikuwa ikitumia Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na ni mimi niliyewauliza hatima yake. La pili ni zito zaidi: barua pepe ya duka na hifadhi yetu ya mtandaoni zilifunguliwa kwa anwani na nambari ya simu ya fundi. Alipoacha kazi, funguo za ofisi yetu zilikwenda naye, na ilichukua muda na maneno mengi kuzirudisha. Humo mlikuwa na majina na nambari za simu za waendesha bodaboda wanaotudai na tunaowadai. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda watu hao hata kama duka dogo kama letu, lenye wafanyakazi wasiofika kumi na mauzo yaliyo chini ya milioni 5, limesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data. Kampuni inayotoa ushauri wa sheria na kodi haikupaswa kufundishwa hilo na mteja.

Mkataba ulipoisha niliomba ugawanywe, wakakubali baada ya kusitasita. Nimebaki na ushauri peke yake kwa shilingi 3,500 kwa mwezi, na kompyuta inatunzwa na fundi wa karibu anayelipwa kwa kazi, huku maneno yote ya siri yakiwa kwenye bahasha iliyofungwa kabatini kwangu. Kwa mwenye duka la bidhaa za faida ndogo ninaupendekeza ushauri wao bila shaka. Huduma ya kompyuta siipendekezi hadi watakapoandika ndani ya mkataba kwamba akaunti zote ni mali ya mteja. Anayetaka kuwaona asiende wiki ya tarehe 20, kwani wakati huo mama yule huwa amezungukwa na wenye taarifa za kodi na hana nafasi ya kukaa na mtu hata nusu saa.