Darubini ya 8x42 Kisiwani Pemba: Kioo Safi, Lakini Ringi Hii Itanitoa Roho

Assalamu alaykum jamani, karibuni tena kwenye chaneli. Leo tupo Pemba, Kidike, kwa popo, na mzigo wenyewe ndo huu hapa. Hii tepu nyeusi mnayoiona ubavuni nimeibandika mwenyewe, kufunika jina. Kampuni haijanipa hata senti, na kwa haya ntakayoyasema sitaki kupigiwa simu. Wenye kujua watajua. Naipenda hii darubini, wallahi naipenda, lakini ina kitu kimoja kimenifanya nitake kuitupa baharini.

Habari ya 8 na 42 sirudii kwa urefu, 8 ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, video ipo, itafuteni. Ila kuna bwana mmoja kwenye komenti kashikilia: "Mbona sokoni Darajani kuna za 30x60 kwa bei ya sahani mbili za biriani?" Haya, nimeazima moja makusudi. Tizameni kioo chake cha mbele kilivyokuwa chekundu. Watu wanaona wekundu ule wanadhani ndo ubora. Maana yake ni kuwa nuru nyekundu inarudishwa nje, haiingii, ndo ukichungulia dunia nzima inapiga rangi ya kijani na buluu. Na hiyo thelathini, mara nyingi hata haifiki. Ingefika ingekuwa balaa zaidi, kwa sababu darubini inakuza na mtetemeko wa mikono yako.

Ukiwa dukani fanya hivi. Ishike mbali, mkono umenyooka, ielekeze mbinguni penye mwanga. Siyo kwenye jua! Jua usilichungulie kwa darubini hata siku moja, unapofuka. Sasa tizama vile viduara viwili vya mwanga kwenye vioo vya nyuma. Hii yangu, simu isogeze karibu... umeona? Duara safi, jeupe mpaka ukingoni. Haya lete ile nyengine. Ina kivuli pembeni, duara limekatwa kama mraba. Hapo muuzaji hana la kukwambia, prizimu, vile vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, ni za bei chee.

Tuje kwenye ringi.

Macho yako mawili hayako sawa. Karibu kila mtu ana jicho moja linaloona tofauti na jengine, ndo maana darubini nyingi zina hii ringi hapa, jicho la kulia, imeandikwa jumlisha, sifuri na toa. Watu wananunua darubini ya laki tano hawaigusi, halafu wanasema inawauma kichwa. Basi fuateni na mie. Chagua kitu kimoja kisichotembea, chenye mistari mistari. Mie nachukua kile kijiti kilichokauka kwenye ule mti, popo kaning'inia pembeni yake. Ziba kioo cha mbele cha kulia kwa kiganja. Macho yote mawili wacha wazi, usikunje uso. Zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione magamba ya kijiti. Tayari. Sasa ziba cha kushoto, na gurudumu la katikati usiliguse tena! Zungusha ringi tu, polepole, ipite kidogo pale pazuri, irudishe. Ondoa mkono.

Subhanallah. Huyu popo sasa namuona manyoya ya kifuani, yale mekundu ya kahawia, na masikio meusi yanacheza. Anajipepea kwa bawa moja, joto limemzidi. Na ana mabawa huyu, akiyakunjua yote ni kama mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha. Duniani kote yuko Pemba peke yake. Nimejaribu kuweka simu kwenye kioo cha nyuma mpate kuona na nyinyi, picha inatetema, nisameheni, ile tripodi ndogo nimeisahau Unguja.

Sasa tizameni hasira yangu inapoanzia. Nimeshaweka, iko kwenye toa moja. Naishusha shingoni. Natembea hatua chache. Naitia kwenye mkoba, naitoa. Iko wapi? Ishahamia sifuri! Kimya kimya! Popo wangu kawa donge. Na nikizungusha kikombe cha jicho tu, hiki cha mpira, ringi nayo inafuata. Zile za bei kubwa ringi unaivuta juu, unaweka, unaibonyeza inajifunga. Hii haina. Wameweka vioo vizuri, wamejaza gesi ya naitrojeni ndani isipate ukungu, wakabania kitu cha senti kumi.

Dawa nnayo. Rangi ya kucha, nimemuomba wifi yangu. Nukta moja kwenye ringi, nukta moja kwenye mwili wa darubini, zikutane. Ikihama nairudisha bila kuhangaika. Na juu yake nimepitisha kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, umebana vizuri. Tangu niweke haijahama... ngoja, niitikise hapa mbele yenu. Haijahama. Basi sijui, labda hasira zangu zimezidi. Kwa wenye miwani lakini sijabadilisha neno: nyinyi mnashusha hivi vikombe kila mara, itawasumbua.

Mnauliza kwa nini nisichukue ile ndogo ya 8x25 inayoingia mfukoni. Saa sita mchana, ufukweni, unaangalia ndege kama membe na sululu maji yakitoka, ile ndogo inatosha kabisa, tena nyepesi. Gawa 25 kwa 8, unapata milimita 3 na ushei. Huo ndo upana wa mwanga unaoingia jichoni, na mboni ya jicho juani haifunguki zaidi ya hapo. Lakini popo hawa wanaruka jua likizama kwenda kula. Giza likiingia mboni inapanuka, na hii yangu, 42 kwa 8, inakupa milimita 5.25. Ndo utaona tofauti. Kule msitu wa Ngezi chini ya miti mirefu ni hivyo hivyo, ukitaka kumuona ninga wa Pemba aliyejificha kwenye majani, kijani ndani ya kijani.

Wanaokwenda Kizimkazi kwa pomboo, kwenye boti hata hii 8 inacheza. Mabaharia wanatumia 7x50 na wana sababu zao, ikikuza kidogo inatetema kidogo. Nzito lakini.

Chumvi! Usifute kioo na ncha ya kanga kikiwa na chumvi kavu, unakikwaruza. Maji yasiyo na chumvi kwanza, kama darubini ni ya kuzuia maji, halafu kitambaa laini. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, kioo kitapata ukungu kwa nje. Naitrojeni inalinda ndani tu, usirudi dukani kugombana.

Bei nimetoa laki nne na themanini, imeletwa na jamaa aliyekuwa safarini. Zile za Swarovski na Zeiss kubwa nimezichungulia kwa watalii, mashaallah, lakini bei yake unaondoka na Vespa, chenji ikabaki. Mie ningenunua tena 8x42, ila ya ringi yenye kufunga, hata nikiongeza laki. Au hii hii ikishuka bei. Wakiishusha mpaka laki nne nanyamaza.

Wiki ijayo maikrofoni mpya inaingia, huu upepo mtaacha kuulalamikia. Anayeuza tripodi ndogo Chake aandike kwenye komenti, na bei aweke, siyo "njoo inboksi".