Rangi za Ndege za Kivita za Mfano: Ipi Ununue Ukiwa Mtwara au Lindi

Anayeunda ndege za kivita za mfano akiwa Mtwara au Lindi hana duka la kuingia na kuchagua vichupa kwenye rafu. Kila rangi huagizwa, mara nyingi kutoka nje ya nchi, kisha hupakiwa kwenye basi Dar es Salaam na kushushwa stendi kama mzigo mwingine wowote. Kwa sababu hiyo, swali la rangi ipi inafanana zaidi na ya ndege halisi haliwezi kutenganishwa na swali la rangi ipi itafika, itavumilia joto na unyevu wa pwani ya kusini, na itapatikana tena ikiisha kabla bawa la pili halijakamilika. Mpangilio ulio hapa umezingatia hayo yote, na mtu anayeishi jirani na duka la Tokyo au London angekuwa na haki ya kuupanga vingine.

Kabla ya chapa yoyote, mnunuzi atafute namba. Jina lililoandikwa kwenye kifuniko halithibitishi chochote, kwa kuwa kila kiwanda kina kijani chake na kila kiwanda hukiita cha kijeshi. Katika kiwango cha Uingereza cha BS 381C, kijani cha giza cha ndege za RAF, jeshi la anga la Uingereza, ni namba 641, rangi ya udongo inayoitwa Dark Earth ni 450, na kijivu cha Medium Sea Grey ni 637. Kiwango cha Marekani, FS 595, kina tarakimu tano, na ya kwanza hueleza mng'ao: 1 inang'aa, 2 inang'aa kiasi, 3 haing'ai. Kwa hiyo 15042 na 35042 ni buluu moja yenye mng'ao tofauti, na aliyekwisha kununua moja anaweza kununua vanishi badala ya chupa ya pili.

Wajerumani walitumia namba za RLM, wizara yao ya anga, na kwa ndege zao za kivita za katikati ya Vita Kuu ya Pili, 74, 75 na 76 zimo katika mwongozo wa L.Dv. 521/1 wa Novemba 1941. Namba 81 na 82 za mwaka 1944 ni habari nyingine: wizara yenyewe iliviarifu viwanda kwamba kadi za rangi hizo hazingeweza kutolewa. Chupa inayotangaza kuwa ni 81 sahihi kabisa inauza maoni ya aliyeichanganya, na si vibaya kuyanunua maoni hayo mradi mnunuzi ajue anachonunua.

Tarehe nayo huokoa fedha. Spitfire, ndege ya kivita ya RAF, ya mwaka 1940 ilikuwa ya kijani na udongo kwa juu, lakini kuanzia Agosti 1941 ndege za kivita za mchana zilizokuwa Uingereza zilibadilishiwa udongo ule kwa kijivu cha Ocean Grey, huku kijani kikibaki kilekile. Anayetaka kuunda zote mbili haagizi kijani mara mbili.

Nafasi ya kwanza naipa Vallejo Model Air ya Hispania, na sababu kuu si usahihi wa rangi zake, kwani zipo chupa katika safu hiyo zinazohitaji kurekebishwa kidogo. Sababu ni kwamba ni rangi ya maji. Rangi zenye kimiminika kinachoshika moto huhesabiwa kuwa bidhaa hatari katika usafiri wa anga, na kifurushi chake huweza kuzuiwa au kurudishwa. Rangi ya maji haina kikwazo hicho. Aidha, husafishwa kwa maji, jambo lenye uzito kwa anayefanyia kazi chumbani pamoja na watoto. Udhaifu wake upo, tena katika hali yetu ya hewa unaonekana upesi: joto huikausha kwenye ncha ya bunduki ya kupulizia, ikaanza kutema vidonge badala ya ukungu laini. Agiza pamoja nayo kimiminika cha kuchelewesha kukauka cha chapa hiyohiyo, futa ncha mara kwa mara kwa pamba iliyoloweshwa, na usithubutu kuizimua kwa alkoholi, maana itaganda kama mpira ndani ya kikombe cha bunduki. Haishiki vizuri kwenye plastiki tupu, hivyo bajeti lazima iwe na praima.

Tamiya ya Japani inafuata kwa karibu, na laiti ingekuwa rahisi kuisafirisha ingekuwa ya kwanza. Hupulizwa vizuri kuliko zote zilizotajwa hapa, hushika plastiki, na huzimuliwa kwa alkoholi ya isopropili. Safu yake ya XF ina majina mengi ya jumla ambayo hulazimu kuchanganya, lakini XF-81, XF-82 na XF-83 zimetengenezwa mahususi kwa kijani, kijivu cha bahari na kijivu cha kati cha RAF, na vichupa hivyo vitatu vya mililita 10 vinatosha Spitfire kadhaa za skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Kwa kuwa ina alkoholi, muulize muuzaji njia ya usafirishaji kabla ya kulipa. Anayepaka kwa brashi ya mkono aiache, kwani mpako wa pili huufumua wa kwanza.

Kwa huyo wa brashi ya mkono, Humbrol ya mafuta ndiyo inayostahili nafasi ya kwanza, ingawa kwa jumla naiweka ya tatu. Hukauka polepole na kujisawazisha, mistari ya brashi ikapotea, na tapentaini ya kuizimulia ipo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Namba 29 ni udongo wa RAF, na kwa kijani chagua 163 badala ya 30, ambayo imeegemea mno kwenye buluu. Msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, upe mpako muda mrefu kabla ya kuushika, na uufunike usiingiwe na vumbi.

Mr. Color ya Japani na Real Colors ya kampuni ya AK nimeziweka nafasi ya nne kwa masikitiko, maana kwa ulinganifu na viwango huenda zikawa bora kuliko zote. Ila ni rangi za tina kali: zinashika moto, zinahitaji chumba chenye hewa na barakoa ya kichujio, na siku ya unyevu mwingi hukauka zikiwa na utando mweupe kama ukungu. Aliye na njia ya kuzipata kwa meli azitumie miezi ya kusi, hewa inapokuwa kavu.

Ya mwisho ni rangi ya kuchanganyiwa kwa mashine katika duka la vifaa vya ujenzi, kwa kadi ya RAL, kiwango cha rangi cha Ujerumani, au BS. Namba yaweza kuwa sahihi kabisa, lakini chembe zake ni kubwa mno kwa skeli ndogo. Kwa fundi anayechonga ndege kubwa ya mbao, hata hivyo, inafaa sana, na ni nafuu.

Kuna ndege moja ya ukanda huu isiyohitaji chupa ya pekee. Ndege za Uingereza zilizoruka kutoka Mafia mwaka 1915 kuisaka Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, katika delta ya Rufiji ziliundwa katika zama ambazo kitambaa cha mbawa kwa kawaida kilipakwa dawa ya kukazia isiyo na rangi, kikabaki na rangi ya kitani. Kipande cha kitambaa cha marekani isiyofuliwa kitakuongoza vizuri kuliko picha ya simu. Rangi ya PC10 iliyofuata ilichanganywa kwa okari, yaani udongo wa manjano, na masizi, na kwa kuwa vipimo na umri viliibadilisha, kahawia yenye ukijani na kijani chenye ukahawia zote zinakubalika.

Chupa ikifika, usiilinganishe na kadi ikiwa mbichi. Paka mgongo wa kijiko cheupe cha plastiki, acha ukauke, pitisha vanishi utakayoitumia, kisha utazame barazani kivulini asubuhi, si chini ya taa ya umeme wala kwenye jua la saa saba. Vanishi ing'aayo hukoleza rangi, na isiyong'aa huipausha. Kwa skeli ya 1/72 ongeza tone la kijivu hafifu au nyeupe, kwa sababu rangi kamili huonekana nzito kwenye kitu kidogo.

Kwa agizo la kwanza, chagua ndege moja na mwaka mmoja: rangi mbili za juu, moja ya chini, nyeusi, nyeupe, praima ya kijivu, vanishi isiyong'aa na kizimulio cha chapa hiyohiyo. Mwambie anayepakia Dar es Salaam azifunge chupa zikiwa wima ndani ya mfuko wa nailoni, na mzigo usikae juu ya injini ya basi.