Ruzuku au mkopo wa asilimia 10 kwa kikundi cha ngoma na afya ya akili

Kikundi cha ngoma na maigizo kinachohudumia watu wenye sonona kina njia mbili za kawaida Tanzania: ruzuku ya mfadhili, au mkopo wa halmashauri usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani (asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu).

Mkopo hudai marejesho, na vipindi vya bure vya ngoma na maigizo haviingizi kitu. Kwa hiyo ukopee kile kinachozalisha tu: spika, maturubai na ngoma za kukodisha kwenye harusi. Kikundi kikikopa kulipia vipindi, marejesho hukwama mapema na wanachama huanza kulaumiana, jambo baya zaidi kwa waliokuja kutafuta ahueni.

Ruzuku ndiyo hubeba vipindi vyenyewe. Tuseme washiriki 20, wiki 12, saa mbili kila Jumamosi. Kwenye bajeti wengi huandika ukumbi, chai na mavazi, wakasahau nauli za washiriki, posho ya mshauri nasaha na vocha za simu za kuwafuatilia walioacha kuja. Bila nauli, mahudhurio hupungua, ripoti inakuwa dhaifu, awamu ya pili ya fedha inachelewa. Stakabadhi nazo! Bodaboda hatoi, basi tengeneza fomu ya nauli yenye jina, tarehe, kiasi na sahihi.

Vipindi, basi, viombewe ruzuku, spika zikopewe. Ila kabla ya senti yoyote, kubalianeni kwa maandishi na kituo cha afya kilicho karibu nani atampokea mshiriki atakayezidiwa.