Shokapu Mpya au Mzigo Nyuma kwa Pikapu Inayorukaruka?
Springi za nyuma za pikapu hutengenezwa kwa ajili ya kubeba mzigo, ndiyo maana gari likiwa tupu hurukaruka kwenye barabara kuu. Kwa gharama, mifuko ya mchanga iliyofungwa imara juu ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma, hushinda, ingawa huongeza matumizi ya mafuta, hurefusha umbali wa kusimama na hudai kamba zikaguliwe kila safari. Kwa upande wa uhakika, shokapu mpya ni bora, kwa kuwa ndizo huzima mtikisiko wa springi. Zilizopo zikivuja, mchanga utaficha ubovu tu, jambo ninaloliona la hatari. Asafiriye bila mzigo kila siku abadilishe shokapu. Mwenye shokapu nzima na safari moja ya mbali atatosheka na mchanga, mradi kwanza apime upepo wa matairi.