Dada wa ritani nyuma ya soko la Kongowea

Kwa miaka mitatu nilikuwa nampa mtu wa saiba shilingi 200 na nywila yangu ya iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya ushuru (KRA), anijazie ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wa mwaka; naenda kunywa chai, nikirudi nakabidhiwa risiti. Sikuwahi kuuliza kilichojazwa ndani. Mwaka huu mwalimu mwenzangu wa hisabati alinishika mkono akanipeleka kwa dada mmoja mwenye kiduka cha uchapishaji nyuma ya soko la Kongowea, hapa Mombasa. Naandika haya kwa ajili ya walimu wa Kisauni na Nyali, maana najua wengi wenu mko pale nilipokuwa mimi.

Mahali penyewe ni padogo. Kompyuta mbili, printa moja, benchi la watu wanne, na joto lipo. Ijumaa hufunga kuanzia saa sita mpaka saa nane unusu. Akiwa na mteja hapokei simu, kwa hivyo ukikuta watu, kaa usubiri. Mimi nilisubiri dakika arobaini.

Zamu yangu ilipofika alinisogezea kibodi: "Mwalimu, nywila ni yako, ingiza mwenyewe." Kule nilikozoea, nywila za wateja zilikuwa zikiandikwa kwenye daftari la kaunta, limeachwa wazi, kila apitaye analiona.

Kabla ya kugusa ritani ya 2025 alifungua za nyuma. Ya mapato ya 2023 ilikuwa imefailiwa sufuri! Mwaka mzima nimesimama darasani, mwajiri amenikata PAYE, ushuru wa mshahara, kila mwezi na kuipeleka KRA, halafu mimi kwa PIN yangu nimetangaza kwamba sikupata hata senti. Ritani ya sufuri ni ya mtu asiye na mapato yoyote. Niliumia, na sitaficha kwamba nilikasirika. Dada akaniagiza nitafute P9 ya mwaka ule, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa, kesho yake akafaili ritani ya marekebisho. Sikudaiwa kitu, kwa kuwa ushuru wenyewe ulikuwa umeshalipwa.

Lakini kilichonifanya nimsifu ni daftari lake la miraba. Mfumo wa iTax hukujazia mengi siku hizi, ukifika sehemu ya T, ya kukokotoa ushuru, unakuta hesabu imeshafanywa. Yeye hakubali kuituma mpaka mteja ameiona kwa kalamu. Alichukua mwezi mmoja tu, Machi 2025. Mshahara wangu wa jumla 52,000. Toa NSSF (ya uzeeni) 3,120, SHIF (ya bima ya afya) 1,430, tozo ya nyumba 780. Akanieleza kwamba hizo mbili za mwisho zimeanza kutolewa kabla ya ushuru baada ya sheria kubadilishwa Desemba 2024. Zikabaki 46,670. Shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 2,400. Zinazofuata 8,333 kwa asilimia 25 ni 2,083. Zilizosalia 14,337 kwa asilimia 30 ni 4,301. Jumla 8,784. Toa nafuu ya kila mlipa ushuru, 2,400 kwa mwezi: 6,384. Kisha akaifungua P9 yangu, akashusha kidole mpaka mstari wa Machi. 6,384 na senti zake. Miaka kumi na moja nimekuwa nikikatwa pesa hizo na siku hiyo ndiyo nilijua zinatoka wapi.

Halafu akauliza, "Na P9 ya pili iko wapi?" Mimi nilidhani haina maana. Kuanzia Agosti hadi Desemba nilifundisha jioni katika chuo kimoja kwa 15,000 kwa mwezi, na chuo hakikunikata ushuru hata shilingi. Sababu ni kwamba nao walinipa ile nafuu ya 2,400, kana kwamba sina kazi nyingine. Nafuu hiyo ni moja kwa mtu mmoja. Zaidi ya hayo, mishahara miwili inapounganishwa, huu wa pili hauanzii chini kwenye asilimia 10, unaketi juu ya ule wa kwanza, kwenye asilimia 30. Baada ya makato 15,000 ilibaki 13,462.50, asilimia 30 yake ni 4,038.75, mara miezi mitano, shilingi 20,194. Nilikuwa nadaiwa.

Nilinyamaza. Yeye hakuniharakisha. Aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: ritani mwisho wake ni Juni 30, lakini deni lenyewe linatakiwa liwe limelipwa kufikia Aprili 30, baada ya hapo kuna faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Machi. Akanitolea namba ya malipo, nikaenda kukusanya, nikalipa kwa M-Pesa Aprili 17.

Alinitoza 1,000 kwa kazi yote, pamoja na marekebisho. Mwenye P9 moja humtoza 500, na kwa huyo nasema wazi kwamba si lazima aje: Huduma Centre husaidiwa bure, au ajaze mwenyewe kwa simu. Ila kama una kazi mbili, au umehama mwajiri katikati ya mwaka, nenda kwa huyu dada, na ubebe P9 zote. Usingoje Juni, kibenchi kile hakitawatosha.

Ukurasa ule wa miraba aliuchana akanipa. Niliupeleka kwa mhasibu wa chuo, akausoma mara mbili, akaiondoa ile nafuu. Sasa chuo kinanikata 1,346 kila mwezi, na pengo lililobaki, kama 2,700 hivi, naliweka sacco siku ileile mshahara wa chuo unapoingia.