Vitabu vya kuchora mashua za tanga: kipi ununue kwanza ukiwa Mwanza

Kila petroli inapopanda bei, habari za tanga hurudi midomoni mwa watu kule mwaloni, ufukoni wanakoshusha samaki. Hivi karibuni vijana watatu, wawili wa Igombe na mmoja wa Ukerewe, wameniuliza swali lile lile: nataka kujifunza kuchora mashua ya tanga yenye mkuku (ubao mkuu wa chini) na umbo la kueleweka, nisikisie kwa jicho tu, ninunue kitabu gani? Vitabu hivi ni ghali, viko kwa Kiingereza, na madukani hapa mjini sijawahi kuviona. Unaagiza, unasubiri, na ukikosea umeshalipa. Kwa hiyo nimevipanga kwa utaratibu ambao mimi mwenyewe ningevinunua leo kama ningekuwa naanza.

Kipimo changu ni kimoja. Kitabu kikufikishe mahali pa kuichukua mistari ya karatasini na kuilaza sakafuni kwa ukubwa wa mashua yenyewe. Picha za yoti, mashua za starehe, zilizolala ubavu kwenye upepo zinapendeza, nami nazipenda, lakini hazitakupa taruma, yaani ubavu wa mashua, hata moja.

1. Boatbuilding, cha Howard I. Chapelle (1941)

Wengi hushangaa nikiweka mbele kitabu cha kujenga wakati wameuliza cha kuchora. Sababu ni kwamba mtu aliyelaza sakafuni mashua ya mwenzake, akaona mstari mmoja unavyodai kukubaliana na mwingine, huchora ya kwake kwa adabu tofauti kabisa. Chapelle, Mmarekani aliyetumia maisha yake kupima na kuandika habari za mashua za kazi, anakupeleka hatua kwa hatua: kusoma ramani, kuchora kwa ukubwa halisi, kusimamisha mkuku na violezo, kisha chombo cha chini bapa, cha chini yenye umbo la V, na cha mviringo. Anamalizia na milingoti na kamba. Fundi wa Kayenze asiyesoma Kiingereza vizuri atafaidika na michoro peke yake.

Jambo litakalokusumbua ni jedwali la vipimo. Utakuta namba kama 2-3-4. Maana yake ni futi 2, inchi 3 na sehemu 4 za nane za inchi, yaani inchi 27 na nusu, ambazo ni kama milimita 699. Ukizoea kwa siku mbili unasoma bila kufikiri. Nakushauri ugeuze jedwali zima kuwa milimita kwenye daftari kabla hujagusa sakafu, kwa sababu kugeuza huku unapima ndiko kunakoleta makosa.

Hapa nieleze lililonipata. Kabla sijapata nakala nzuri nilinunua kwa bei ndogo kitabu kingine cha zamani kilichochapwa upya kutokana na skani. Nililaza mistari kwenye sakafu ya banda, nikapiga misumari kwenye alama, nikapitisha ufito mrefu wa mninga. Ulikaa vizuri kila mahali isipokuwa alama ya nne, ambapo ulitaka kuvimba nje kama mtu aliyepigwa ngumi shavuni. Mzee mmoja fundi aliyekuwa amekaa mlangoni akaniambia, "Mwanangu, usiulazimishe. Ufito mzima, namba ndiyo mbovu." Tulikaza macho kwenye ukurasa. Nilikuwa nimesoma 2-8-4 mahali palipoandikwa 2-3-4. Wino wa skani ulikuwa umeziba tumbo la 3. Tofauti yake ni inchi 5, milimita 127. Ningekata kiolezo, ningeharibu ubao mzima.

2. Skene's Elements of Yacht Design, toleo la Francis S. Kinney (1973)

Norman L. Skene alikitoa mwaka 1904, na Kinney akakiandika upya baadaye. Hiki ndicho kitabu cha hesabu: mashua inasukuma maji kiasi gani, itasimama wima kwa nguvu gani, tanga likae wapi ili usukani usikuchoshe mkono. Utajifunza kanuni ya Simpson, ya kuzidisha kwa 1, 4, 2, 4, 1, ambayo inakupa ujazo wa chombo chenye umbo la mviringo kwa kalamu na karatasi tu. Hesabu ya sekondari inatosha.

Kwa sisi wa ziwani kuna la kurekebisha, na nimewasikia watu wakiliogopa kupita kiasi. Waandishi hawa wanahesabu maji ya bahari, kilo 1,025 kwa mita moja ya ujazo. Ziwa letu ni maji baridi, yasiyo na chumvi, kilo 1,000. Chukua mashua ya kilo 2,050: baharini inasukuma mita za ujazo 2, hapa Mwanza 2.05. Ikiwa eneo lake kwenye usawa wa maji ni mita za mraba 8, itazama zaidi kwa milimita 6 hivi. Hilo si la kukunyima usingizi.

La kukunyima usingizi ni mbao. Michoro ya Marekani mara nyingi inakusudia mwerezi kwenye ubavu, wenye kilo 380 hivi kwa mita ya ujazo. Wewe una mvule, kama kilo 640. Ubavu wa mita za mraba 25 wenye unene wa milimita 22 ni mita za ujazo 0.55. Kwa mwerezi ni kilo 209, kwa mvule ni 352. Umeongeza kilo 143, na mashua imezama milimita 18 zaidi, mara tatu ya yale ya maji baridi, kabla hujapakia wavu wala mtu. Mvule una nguvu kuliko mwerezi, kwa hiyo ubavu unaweza kupunguzwa unene. Lakini upunguze kwa hesabu, na Skene ndiye anayekufundisha kujumlisha uzito kipande kwa kipande. Usikimbilie kupunguza farumi, uzito unaowekwa chini ya mashua, maana ndiyo inayokurudisha wima upepo wa ghafla ukikupiga.

Toleo la 1904 unaweza kulipakua bure kwenye intaneti. Linatosha kukuonyesha kama mtindo wake unakufaa kabla hujalipia la 1973.

3. Yacht Designing and Planning, cha Chapelle (1936)

Kama una pesa ya vitabu viwili tu, ruka hiki. Ukiwa na ya vitatu, chukua: kinafundisha kuchora kwa mkono, kuanzia vifaa vya mezani hadi mpango wa matanga, kwa uvumilivu ambao sijauona kwingine.

4. Principles of Yacht Design, cha Lars Larsson na Rolf Eliasson (1994)

Hiki si cha kale, nimekiweka kwa sababu kinatumia mita na kinafuata mashua moja, YD-40, toka wazo la kwanza hadi mwisho. Mwanafunzi wa uhandisi atakipenda kuliko vyote. Fundi wa mbao atakuta kurasa nyingi za faiba asizozihitaji.

5. C. A. Marchaj

Aero-Hydrodynamics of Sailing (1979) ni kizito. Usikinunue mwaka wa kwanza. Sail Performance (1996) ndicho kinachonigusa mimi, kwa sababu humo matanga ya jadi yanapimwa kwa heshima ile ile ya matanga ya mashindano, na tanga la Pasifiki lenye umbo la ukucha wa kaa linatoka na sifa kubwa. Kwa mtu aliyelelewa akiona tanga la foromali, lile linalofungwa kwenye mti wa mshazari, likirudi kutoka visiwani na upepo wa mchana, kurasa hizo zina thamani yake.

6. The Common Sense of Yacht Design, cha L. Francis Herreshoff (1946 na 1948)

Ni juzuu mbili za mtu aliyechora yoti maarufu Ticonderoga, mwenye maoni makali na mkono mzuri ajabu. Nakisoma usiku. Kwa kazi ya asubuhi narudi kwa Chapelle.

Kabla hujatoa hata shilingi, pakua vya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Juzuu tatu za Fishing Boats of the World (1955, 1960 na 1967), na vijitabu vyao vya mitumbwi ya mbao ya chini bapa na ya umbo la V, viko karibu na maisha ya mwaloni kuliko yoti yoyote.

Ukiagiza cha mitumba, uliza mwaka wa toleo, uliza kama michoro iliyokunjwa bado imo, kisha mwombe muuzaji apige picha ukurasa wenye jedwali la vipimo. Uikuze kwenye simu. Kama 3 na 8 hazitofautiani, usilipe.