Uzoefu wangu na config.site: faili moja iliyotuokolea Jumamosi

Ninatunza kompyuta za chuo kidogo hapa Kondele, Kisumu. Ziko 14, zote za Linux, na programu zake zinakaa kwenye seva moja, katika folda ya /opt/maabara ambayo kila kompyuta inaiona. Baadhi ya matoleo tunayoyahitaji hayapatikani tayari, kwa hiyo tunayajenga wenyewe kutoka msimbo chanzo: ./configure (hukagua kompyuta), make (hujenga), kisha make install (husakinisha).

Tatizo letu lilikuwa hatua ya kwanza. Ukisahau kuandika --prefix=/opt/maabara (prefix ni folda ambamo programu itawekwa), programu inaingia /usr/local ya seva, na wanafunzi hawaioni. Mwenzangu alisahau alipokuwa akijenga maktaba moja (msimbo ambao programu nyingine huutegemea). Programu iliyofuata ikagoma, ikisema maktaba haipo, nasi tukashinda Jumamosi nzima tukitafuta kosa kwingine kabisa. Stima nayo ilipotea mara mbili siku hiyo.

Ndipo nikausoma kwa makini mwongozo wa Autoconf, kifaa cha mradi wa GNU kinachotengeneza hizo skripti za configure. Kumbe usipotaja prefix, configure hutafuta kwanza faili ya mipangilio, /usr/local/share/config.site, na ikiipata huisoma kabla ya kuanza ukaguzi wake. Yangu ina mistari hii (CPPFLAGS na LDFLAGS huonyesha mahali pa kutafuta faili za maktaba):

test "$prefix" = NONE && prefix=/opt/maabara
test -z "$CPPFLAGS" && CPPFLAGS=-I/opt/maabara/include
test -z "$LDFLAGS" && LDFLAGS=-L/opt/maabara/lib
true

Msiziondoe hizo test. Mwanzoni niliandika prefix=/opt/maabara peke yake, na faili ikawa inafuta hata --prefix niliyoiandika kwa mkono wangu, kwa sababu inasomwa baada ya maagizo ya mtumiaji. Na ule mstari wa true mwishoni una kazi yake: ikiwa test ya mwisho haikutimia, configure inadhani faili imeshindwa kusomeka na inasimama hapo hapo. Hilo lilinichukua jioni nzima kulielewa.

Jambo jingine: ukitaja prefix nyingine, configure inaitafuta faili chini ya prefix hiyo, si /usr/local. Mimi nimeweka CONFIG_SITE, kigezo cha mazingira kinachoiambia configure isome faili gani, kwenye wasifu wa akaunti ya ujenzi, ikielekeza faili yetu popote ninapojenga. Nikitaka kujaribu kitu bila mipangilio hiyo, naandika CONFIG_SITE=/dev/null (yaani isisome faili yoyote) mbele ya amri.

Nimeridhika nayo sana. Kila ninapojenga naangalia kwanza kama umetokea mstari wa "loading site script", ndipo naendelea. Upungufu wake ni kwamba inahusu Autoconf tu. Programu zinazojengwa kwa vifaa vingine kama CMake au Meson haziigusi kabisa, na kwa hizo bado tunaandika njia kwa mkono, mwenzangu akisoma kwa sauti huku mimi nikiandika.